Kazi ya Avoka: Habari za Bwana Pritt, Aliyewatetea Kenyatta na Nyerere

(Haya ni maneno aliyoyasema karani mmoja wa mgodi mbele ya mkutano wa wafanyakazi na watu wa mji, hapa Lubumbashi. Tumeyatia hapa kama alivyoyasema.)



Mmeniomba niseme juu ya kazi ya avoka. Mimi si avoka. Kazi yangu ni kalamu. Naandika nani aliingia kazini, nani aliugua, nani alikosa. Elimu yangu ni ya sekondari ya misioni, haikupita hapo. Lakini kwa miaka mingi nimekuwa nikisoma habari za avoka mmoja Mwingereza, jina lake Denis Nowell Pritt, na sababu ya kumsoma nitaieleza baadaye kidogo, maana si sababu ya kujisifu.

Kwanza nataka kujibu ulizo ambalo watu wa mji huu huuliza kila siku: "Avoka anayemtetea mwizi, si mwizi mwenzake?" Nimelisikia sokoni, nimelisikia kazini, na hata kwa watu waliosoma. Wanaouliza hivyo wanafikiri kwamba mtu amekwisha kuwa mwizi tangu siku ile aliyokamatwa. Sasa nani alisema ni mwizi? Polisi alisema. Na polisi aliambiwa na nani? Na huyo aliyemwambia aliona kwa macho yake, au naye alisikia? Kazi ya avoka ni kuuliza maulizo haya moja baada ya moja mpaka mwisho, mbele ya jaji, wakati watu wengine wote wanataka kwenda kula. Hatumtaki aseme kwamba mteja wake ni malaika. Tunataka amlazimishe mshitaki athibitishe maneno yake.

Bwana Pritt alizaliwa London mwaka 1887. Kule Uingereza maavoka ni wa namna mbili. Mmoja anakaa ofisini, anapokea watu, anatengeneza karatasi. Mwingine ndiye anayevaa kanzu nyeusi na nywele za bandia na kusimama kusema mbele ya jaji. Pritt alikuwa wa namna hii ya pili, tangu mwaka 1909. Mwaka 1927 akapewa cheo cha Mshauri wa Mfalme, ambacho ni cheo cha maavoka wakubwa, na wenye cheo hicho huvaa kanzu ya hariri. Mfalme George wa Sita alipokufa Februari 1952 na binti yake akashika kiti, cheo hicho kikawa Mshauri wa Malkia. Mwaka ule ule, Mshauri huyo wa Malkia akapanda ndege kwenda Kenya kumtetea mtu aliyeshitakiwa kwa jina la Malkia. Waingereza wenyewe hawakuona ajabu katika jambo hilo. Desturi ya maavoka wao ni kama ya taksi kwenye kituo: ukiwa wa kwanza katika mstari na abiria amekuja na nauli yake, huwezi kumwambia hupendi sura yake.

Kabla ya Kenya alikuwa amekwisha kushika kesi nyingi za watu waliochukiwa na wakubwa. Mwaka 1931 polisi wa Hong Kong walimkamata Mviyetnam mmoja aliyejificha kwa jina la Kichina. Wafaransa walimtaka, kwa kuwa mahakama yao ilikuwa imekwisha kumhukumu kufa bila yeye kuwapo. Rufani ikafika London kwenye Baraza la Mfalme, Pritt akasimama upande wake. Mambo yakaisha kwa mapatano, yule mtu hakupelekwa kwa Wafaransa, na mwanzoni mwa mwaka 1933 akaondoka Hong Kong akiwa hai. Ninyi mnamjua kwa jina la Ho Chi Minh. Mwaka 1934 Pritt alimtetea mzee Tom Mann, mmoja wa wakubwa wa mgomo wa wafanyakazi wa bandari ya London wa mwaka 1889. Mzee alikuwa amekwisha kupita miaka sabini na saba, nao wakamshitaki kuchochea watu kwa hotuba yake. Akaachiliwa. Mwaka 1954 alikuwa Singapore akiwatetea wanafunzi wa chuo kikuu walioshitakiwa kwa sababu ya gazeti lao dogo, na msaidizi wake katika kesi ile alikuwa kijana mmoja avoka aitwaye Lee Kuan Yew, ambaye baadaye alitawala nchi ile. Wanafunzi wale nao waliachiliwa, jaji akisema hapana kesi ya kujibu.

Basi mnaona alikuwa mtu wa kushinda. Lakini mimi nataka kukaa kwenye kesi aliyoshindwa.

Usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya Kenya ilimkamata Jomo Kenyatta na watu wengi pamoja naye. Sita wakapelekwa mahakamani: Kenyatta mwenyewe, Fred Kubai, Bildad Kaggia, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba. Mashitaka yalikuwa kwamba wanaongoza chama kilichokatazwa, yaani Mau Mau. Kesi haikufanywa Nairobi. Ilipelekwa Kapenguria, kaskazini-magharibi, mahali ambapo hapakuwa na reli, wala hoteli, wala simu. Ni kama kumkamata mtu hapa Lubumbashi na kwenda kumhukumu Pweto, tena Pweto ya zamani. Wilaya ile ilikuwa imefungwa, mtu haingii bila karatasi ya ruhusa. Maavoka walilala Kitale, na kila asubuhi wakaenda kwa motokari katika vumbi, jioni wakarudi. Mahakama yenyewe ilikuwa chumba cha shule.

Hakimu alikuwa Ransley Thacker, jaji aliyekwisha kustaafu, akarudishwa kazini kwa ajili ya kesi hii. Wataalamu wa historia wamekwisha kuandika kwamba alilipwa paundi 20,000 juu ya kazi ile. Sisi hapa tungesema alipewa matabishi, na matabishi yenyewe si ya bia moja.

Upande wa watetezi Pritt hakuwa peke yake, na hili nataka mlisikie. Alikuwapo Achhroo Kapila, Mhindi wa Nairobi, mjuzi sana wa kesi za jinai. Alikuwapo Fitz de Souza, kijana wa asili ya Goa, ambaye baadaye alikuwa naibu wa spika katika bunge la Kenya. Alikuwapo Jaswant Singh. Kutoka Bara Hindi alikuja Chaman Lall, mtu wa bunge. Kutoka Nigeria alikuja H. O. Davies. Na kutoka Tanganyika alikuja Dudley Thompson, mtu mweusi wa Jamaika ambaye wakati wa vita alikuwa katika ndege za Waingereza. Mzungu, Wahindi na weusi wa nchi mbalimbali kwenye meza moja, wakati ambapo Nairobi kulikuwa na hoteli ambazo wasingeweza kukaa pamoja kunywa chai.

Sasa nitaeleza alivyofanya kazi, maana ndipo penye ujuzi.

Jambo la kwanza aliloshika ni mashitaka yenyewe. Akauliza: mnasema watu hawa waliongoza chama. Waliongoza siku gani? Mahali gani? Kila mmoja alifanya nini kwa mkono wake? Mtu asiyejua atasema huku ni kuchelewesha. Lakini wewe ukiambiwa na kapita, "Umeharibu kazi," neno lako la kwanza ni lipi? Si "Kazi gani, lini?" Huwezi kujitetea juu ya moshi.

Jambo la pili ni mkalimani. Mkalimani wa mahakama alikuwa Louis Leakey, yule mtaalamu wa mifupa ya watu wa kale, aliyezaliwa Kenya na kujua Kikuyu kama mwenyeji. Lugha aliijua, lakini mwaka ule ule alikuwa ametoa kitabu juu ya Mau Mau, na upande wake ulijulikana na kila mtu. Watetezi walimpinga mpaka akaacha kazi ile. Mwenye kukaa katikati ya vinywa viwili ana nguvu kuliko watu wanavyodhani. Mimi nalijua hilo.

Jambo la tatu ni mashahidi. Katika mahakama ya Kiingereza shahidi husimama na kusema kwa kinywa, kisha avoka wa upande wa pili humgeukia na kumpekua kwa maulizo. Hapigi kelele. Wengi wetu tunafikiri avoka mkubwa ni yule mwenye sauti kubwa na mikono inayopepea. Anayejua kazi huuliza maulizo mafupi, na kila ulizo linafunga mlango mmoja. Ulikuwa wapi? Saa ngapi? Nani mwingine alikuwapo? Giza lilikuwa limeingia? Ulimwambia nani kesho yake? Kwa nini hukumwambia mtu yeyote kwa miaka miwili? Mpaka shahidi anapotaka kutoka anakuta mlango uliobaki ni mmoja tu.

Shahidi mkubwa wa serikali alikuwa kijana mmoja aitwaye Rawson Macharia. Alisema mwezi wa Machi 1950 alimwona Kenyatta akilisha watu kiapo cha Mau Mau. Watetezi wakaonyesha kwamba Machi 1950 chama hicho kilikuwa bado hakijakatazwa. Kilikatazwa mwezi wa Agosti mwaka ule. Wakaleta mashahidi kumi kulikana neno la Macharia. Wakakumbusha pia kwamba Agosti 1952, mbele ya mkutano mkubwa wa Kiambu, Kenyatta aliilaani Mau Mau waziwazi. Hakimu Thacker akaandika katika hukumu yake kwamba anawakataa mashahidi kumi wa utetezi na kumwamini mmoja wa serikali, na kwamba hasiti kufanya hivyo.

Kazi ilipokuwa inaendelea, Pritt alipeleka telegramu London kwa watu wa bunge, akieleza taabu ambazo watetezi walizipata na kusema haki inanyimwa. Serikali ikamshitaki yeye mwenyewe kwa kudharau mahakama! Ikabidi aende Nairobi, avoka mwenye miaka sitini na mitano, asimame kama mshitakiwa. Mahakama kuu ikamwona hana kosa, akapanda motokari na kurudi Kapenguria kuendelea pale alipoachia.

Tarehe 8 Aprili 1953 wote sita walionekana na hatia. Miaka saba ya kazi ngumu, na baada ya hapo wazuiliwe mahali pamoja bila kikomo.

Sasa mtaniuliza: ujuzi wake ulisaidia nini? Nami nilijiuliza hivyo mara ya kwanza niliposoma. Nikarudia kusoma, na nikaona jambo ambalo karani ndiye wa kwanza kuliona. Kila ulizo la Pritt liliandikwa. Kila jibu la Macharia liliandikwa. Kila mara hakimu alipokataa ombi la watetezi, liliandikwa kwamba ombi lilitolewa na likakataliwa. Pritt alijua mapema kabisa kwamba pale Kapenguria hatashinda. Alikuwa akisema na watu ambao hawakuwa ndani ya chumba kile. Mwaka 1955 Montagu Slater alitoa kitabu kilichotengenezwa kutoka katika maandishi ya kesi ile, na mtu yeyote aliyejua kusoma Kiingereza akaweza kukaa nyumbani kwake na kumpima hakimu.

Tazameni pia jambo la cheti cha Thacker. Cheo alichopewa kilikuwa cha kuhukumu katika Jimbo la Kaskazini. Kapenguria iko katika Jimbo la Bonde la Ufa. Hamkusikia vibaya. Serikali yenye makarani wote wale, magavana wote wale, ilisahau kutazama ramani. Watetezi wakalishika jambo hilo, na Julai 1953 mahakama kuu ya Kenya ikasema kesi yote ni bure, hakimu hakuwa na mamlaka. Watu wakafurahi. Septemba mahakama ya rufani ya Afrika ya Mashariki ikaigeuza hukumu ile, wafungwa wakabaki. Mwanzoni mwa mwaka 1954 Achieng Oneko akashinda rufani yake, lakini badala ya kurudi nyumbani akawekwa kizuizini.

Kisha mwaka 1958 Rawson Macharia akajitokeza, akaapa kwa maandishi kwamba alisema uongo Kapenguria. Akasema aliahidiwa safari ya Uingereza, masomo ya chuo kikuu, na fedha za kutunza jamaa yake. Safari ile ilikuwa ya kweli, alikwenda. Unajua serikali ilifanya nini? Ilimshitaki na kumfunga, si kwa uongo wa 1952, bali kwa kusema 1958 kwamba alikuwa amesema uongo. Lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka. Watu wakachukua maandishi ya zamani wakayaweka kando ya kiapo kipya, wakasoma. Kenyatta alitoka Agosti 1961, na Kenya ikapata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Nairobi leo kuna barabara yenye jina la Denis Pritt.

Mwaka ule ule wa 1958 Pritt alikuwa Dar es Salaam. Julius Nyerere alikuwa ameandika katika karatasi ya chama, Sauti ya TANU, maneno makali juu ya mabwana shauri wawili, yaani wazungu watawala wa wilaya, kama vile administrata wa kwetu wakati wa Wabelgiji. Akashitakiwa kwa kuwavunjia heshima. Pritt akaja, akasaidiwa na maavoka wa pale, Jhaveri na Rattansey. Nyerere hakumsukumia karani wala mchapishaji. Alikubali kwamba maneno ni yake. Agosti akaonekana na hatia, faini shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Faini ikalipwa, naye akarudi kwenye kazi yake ya chama. Miaka mitatu baadaye alikuwa waziri mkuu wa Tanganyika huru.

Sitaki mumfanye Bwana Pritt mtakatifu. Mwaka 1936 alikwenda Moscow kutazama kesi ya Zinoviev na Kamenev na wenzao, jumla watu kumi na sita. Walisimama bila watetezi, karibu wote wakakiri, wakapigwa risasi. Pritt aliporudi akaandika kwamba kesi ilikuwa ya haki. Mwaka 1988 Warusi wenyewe wakasema Zinoviev na Kamenev hawakuwa na hatia. Jicho lililoona kila ufa katika ukuta wa Kapenguria lilipita Moscow likiwa limefumba, kwa sababu serikali ile aliipenda. Chama chake cha Labour kilimfukuza mwaka 1940 kwa sababu ya mapenzi hayo hayo. Alikufa mwaka 1972, na sijasoma mahali popote kwamba aliomba radhi.

Sasa turudi hapa kwetu, maana wengine mnasema moyoni, "Karani anatutembeza Kenya, sisi tuko Katanga."

Mnamjua Simon Kimbangu. Mwaka 1921 Wabelgiji walimpeleka mbele ya mahakama ya askari kule Thysville. Hakuwa na avoka. Hapakuwa na mtu wa kuuliza "Lini? Wapi? Nani aliona?" Akahukumiwa kufa, kisha mfalme Albert akaigeuza ikawa kifungo cha maisha, akaletwa katika gereza la mji huu huu, ulipoitwa Elisabethville. Alikaa miaka thelathini. Akafa tarehe 12 Oktoba 1951, mwaka mmoja tu kabla ya usiku ule wa Kenya. Ilipofika mwaka 2011 mahakama ya juu ya askari huko Kinshasa ikaifuta hukumu ile. Miaka tisini! Mimi nikipita njia ya kwenda gereza hufikiri: huyu angekuwa na mtu mmoja tu mwenye maulizo.

Na kuna tofauti moja ambayo mfanyakazi wa hapa lazima aijue. Sheria yetu ilitoka kwa Wabelgiji. Kwetu dosie ndiyo inayosema. Polisi anaandika, watu wa parke wanaandika, na jaji anafungua dosie kabla hajafungua kinywa. Kwa Waingereza shahidi lazima aje asimame. Kwetu mara nyingi karatasi inasimama mahali pake. Kwa hiyo yule anayeandika karatasi ya kwanza ameshika nusu ya kesi mkononi. Na katika mji wa migodi, mara nyingi karatasi ya kwanza inaandikwa kazini, na karani.

Hapa ndipo ilipo sababu yangu.

Kuna wakati nilikuwa kazini mahali fulani, sitapataja. Nyaya za shaba zilipotea usiku. Mlinzi wa mlango akaitwa ofisini, nami nikaitwa niandike maneno yake, kwa sababu yeye alisema Kiswahili na karatasi ilitakiwa kwa Kifaransa. Akasema: "Nilifungua mlango kwa sababu dereva alinionyesha karatasi yenye sahihi." Mkubwa aliyesimama nyuma yangu akasema, "Andika kwamba alifungua mlango." Nikaandika kwamba alifungua mlango. Nikaweka nukta. Mlinzi akatia kidole, maana Kifaransa hakukisoma, na mimi aliniamini.

Karatasi ile ikawa ya kwanza katika dosie. Akakaa boloko miezi minane. Mke wake aliuza sufuria, kisha akauza cherehani. Hakuwa na avoka. Mimi sikuitwa mahakamani hata siku moja, wala hakuna mtu aliyeniuliza. Avoka mwanafunzi, mwenye viatu vya kuazima, angetosha kuniuliza ulizo moja: "Karani, mtu huyu alisema neno lingine lolote baada ya hilo?" Wandugu, sijui kwa hakika ningejibu nini siku ile, mkubwa akiwa amekaa pale mbele. Nina watoto wanne. Ninasema sijui.

Basi nimejifunza sheria kidogo, nami nawapa niliyojifunza. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 18, inasema mtu akikamatwa aambiwe mara moja sababu, na kwa lugha anayoielewa. Kwa lugha anayoielewa! Polisi hawawezi kumshika zaidi ya saa 48 bila kumfikisha kwa wakubwa wa sheria au kumwacha. Kifungu cha 19 kinasema kila mtu ana haki ya kujitetea au kusaidiwa na mtetezi aliyemchagua, katika kila hatua ya kesi ya jinai, hata mbele ya polisi wakati wa maulizo ya kwanza. Hamlazimiki kungoja mpaka mbele ya jaji. Nanyi mnaosema avoka ni wa matajiri, sheria ya maavoka ya mwaka 1979 imeweka ofisi ya mashauri ya bure katika kila barro, kwa watu wasio na kitu. Najua mnacheka. Najua ofisi ile mara nyingine mlango umefungwa, na avoka anayetolewa bure anaiona dosie asubuhi ile ile ya kesi. Nendeni hivyo hivyo, mwende wawili au watatu, na ombi lenu liandikwe. Likikataliwa, liandikwe kwamba limekataliwa.

Na ninyi makarani wenzangu, nawaona, mmekaa pamoja upande wa dirisha kama kawaida yetu. Mtu akitia kidole katika karatasi yako, kwanza msomee kwa Kiswahili yote uliyoandika, kutoka mwanzo hadi nukta ya mwisho. Ukiambiwa uache neno, omba amri hiyo kwa maandishi. Mara nyingi mwenye kuamuru hupoteza hamu akisikia hivyo. Nimekwisha kujaribu mara mbili. Mara moja ilinisaidia, mara ya pili nilihamishwa.

Nimesema sana, na nyuma naona watu wanabadilisha mguu. Mlinzi yule yuko hapa. Amekaa karibu na mlango, kwa kazi yake ya zamani labda. Nilikwenda nyumbani kwake kabla ya mkutano huu kumwomba ruhusa nisimulie habari hii bila jina lake, naye akaniambia nisimulie, lakini yeye mwenyewe atasema lile neno nililoliacha, kwa kinywa chake, mbele ya watu. Mzee, njoo mbele. Vijana, mpisheni.